Tegu, kitimoto na kifafa: namna ya kueleza ugonjwa mmoja kwa watu wasiofanana

Siku ya kwanza kusimamishwa mbele ya mkutano wa kijiji, kule Mbozi, nilisema sentensi fupi ambayo hakuna kitabu kingeipinga: "Tegu wa nguruwe husababisha kifafa." Nikapigiwa makofi. Kilichobaki masikioni mwa watu ni "nguruwe husababisha kifafa". Wiki haikuisha, mama mmoja Msabato mwenye kijana anayeanguka kifafa akaanza kuulizwa kisimani kama alikuwa akimlisha mwanawe kitimoto kwa kificho. Mama huyo hajawahi kuinjika nyama hiyo jikoni kwake. Alinifuata hadi zahanati, akanisalimia vizuri, kisha akasema: "Mwanangu, umeniachia kesi nisiyoijua."

Mwongozo huu nimeuandikia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mabwana afya, mabwana mifugo, walimu, na vijana wa utafiti wanaoshushwa na gari asubuhi wakiwa na karatasi za maswali na kurudi mjini jioni. Mfano wangu ni tegu wa nguruwe, mdudu mrefu bapa anayeishi kwenye utumbo wa mtu, kwa sababu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Songwe na Mbeya hadi Iringa na Njombe, nguruwe ni benki ya kaya nyingi. Sababu nyingine ni kwamba ugonjwa huu humuumbua haraka anayeueleza kwa pupa.

Hatua ya 1: Jichoree njia mbili, kwa mkono wako

Kabla ya kumweleza mtu yeyote, chukua karatasi uchore. Usinakili mchoro wa kitabu.

Njia ya kwanza ni ya nyama. Nguruwe ana vifuko vidogo vyeupe ndani ya misuli, ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, kifuko hufunguka kwenye utumbo na kuwa tegu. Baada ya miezi kama miwili tegu amekomaa, ana urefu wa mita kadhaa, na anaweza kukaa humo kwa miaka. Mwenye tegu mara nyingi haumwi chochote. Pengine huona tu vipande vyeupe bapa kwenye choo, kama tambi pana iliyokatwakatwa, na huona aibu kusema.

Njia ya pili ni ya mayai. Kipande kimoja cha tegu kinaweza kubeba mayai yapatayo 50,000, na yote hutoka na kinyesi cha binadamu. Nguruwe akila kinyesi hicho, mayai huwa vifuko kwenye nyama yake. Binadamu akiyameza mayai hayohayo, kupitia mikono, maji au mboga zisizooshwa, mwili wake hufanywa kama wa nguruwe: vifuko hukaa kwenye misuli, chini ya ngozi, machoni, na hata ubongoni. Vya ubongoni ndivyo vinavyoweza kuleta kifafa, wakati mwingine miaka mingi baada ya mayai kumezwa.

Kwa hiyo nyama humpa mtu tegu, na kinyesi cha mwenye tegu ndicho kinachoweza kumpa mtu kifafa, akiwemo yeye mwenyewe. Ukiikosa tofauti hii, yote utakayosema baadaye yatakwenda kombo. Ndiyo inayomtoa kizimbani yule mama Msabato. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa wa jiji la New York, Wayahudi washika dini wasiogusa nguruwe, waliokutwa na vifuko vya tegu ubongoni. Uchunguzi uliwaelekeza kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi zenye tegu. Mfano huo nimeutumia mbele ya Waislamu na Wasabato mara nyingi, na haujawahi kuniangusha.

Hatua ya 2: Okota maneno kabla ya kugawa maneno

Fika siku moja au mbili kabla. Kaa kwenye kijiwe cha kahawa, kaa kwa fundi baiskeli, nenda kilabuni kabla watu hawajachangamka sana. Kama ni Iringa na ni msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, nenda mapema zaidi. Unatafuta maneno: vile vifuko vinaitwaje hapa? Anayeanguka anaitwaje? Degedege la mtoto na kifafa cha mtu mzima ni kitu kimoja kwao, au ni viwili? "Kamwene" kwa Wahehe na Wabena, au "ugonile" kwa Wanyakyusa, itakufungulia mlango, ila usijifanye mwenyeji kwa salamu moja.

Neno la kuchunga sana ni "minyoo". Ukisema minyoo, mzazi anakumbuka dawa waliyopewa watoto shuleni na anakujibu, "Hiyo tulishakunywa." Kidonge kimoja cha albendazole kinachogawiwa shuleni kimelenga minyoo mingine, na si cha kutegemewa kumtoa tegu. Mimi siku hizi nasema "tegu" tangu mwanzo hadi mwisho, na neno minyoo naliacha nyumbani.

Chunga pia "homa ya nguruwe". Ule ni ugonjwa mwingine kabisa. Huua nguruwe kwa wingi na kufilisi watu, lakini haumwambukizi binadamu. Kama homa hiyo imepita kijijini miezi michache nyuma, ukianza kuzungumzia ugonjwa wa nguruwe watu watakuwa na kilio chao kichwani, wala hawatakusikia. Anza kwa kuwapa pole, kisha utenganishe.

Hatua ya 3: Kila kundi lipe jambo moja la kufanya

Hapa ndipo kazi ilipo. Kosa la wataalamu ni kubeba hotuba moja na kuisoma kila mahali, wakibadilisha salamu tu. Jiulize: watu hawa wakitoka hapa, mikono yao itafanya nini tofauti kesho asubuhi? Chagua jambo moja. Mengine yaache, hata kama yanakuuma.

Wafugaji. Jambo lao ni kufungia nguruwe mwaka mzima. Usianze na ubongo, anza na pumba. Vijiji vingi hufungia nguruwe wakati mahindi yako shambani, kisha huwaachia baada ya mavuno wajitafutie. Mfugaji anajua kabisa kwamba nguruwe anayezurura hula uchafu. Anamwachia kwa sababu chakula cha bandani ni pesa. Ukimwambia "fungia" bila kuzungumza naye juu ya pumba, majani ya viazi na mabaki ya mboga, umemwambia tu atoe hela. Nenda na bwana mifugo ajibu swali la lishe, na pia la dawa: ipo dawa ya oxfendazole ambayo dozi moja yenye kipimo sahihi huua vifuko kwenye nyama, lakini nguruwe aliyepewa hachinjwi kesho yake, lazima asubiri muda ulioelekezwa.

Usiwaombe waripoti nguruwe mwenye vifuko kana kwamba ni jambo jepesi. Nyama ikikutwa na vifuko hutupwa, na mwenyewe hubaki mikono mitupu. Ndiyo maana mnunuzi huja na kijiti, humlaza nguruwe, huvuta ulimi na kuupapasa chini. Akigusa vijivimbe hushusha bei, na nyama huishia kuuzwa gizani. Tena ulimi huonyesha tu nguruwe aliyejaa vifuko. Mwenye vichache hupita akiwa "msafi". Ukilijua hilo na kulisema kwa sauti, wafugaji watakuona mtu mzima. Ukijifanya hulijui, wataitikia "ndiyo" mpaka uondoke.

Wachoma na wakaanga kitimoto. Hawa wamezoea kulaumiwa, kwa hiyo nenda kama mteja. Siku moja nilikaa kwenye banda la kitimoto kando ya barabara ya Tunduma. Nyama iliiva vizuri mno: vipande vidogo, karai linanguruma, hakuna wekundu ndani. Kijana aliyekuwa akikaanga alijisifu, na alikuwa na haki. Kisha akaenda nyuma ya banda, choo hakina maji, akarudi, akajifuta kwenye aproni na kuanza kukata nyanya na vitunguu vya kachumbari kwa mikono ileile. Sikumhubiria. Nilimuuliza, "Kaka, nyama yako moto umeiua. Kachumbari nani anaiua?" Akacheka, akaitazama mikono yake, akanyamaza. Baadaye aliniambia swali lile lilimkaa kichwani kuliko semina nzima aliyowahi kuitiwa. Jambo la kundi hili ni ndoo ya maji yenye bomba, na sabuni, kati ya choo na ubao wa kachumbari. Kuivisha nyama wengi wanajua. Shida ni mteja anayepiga meza akitaka nusu kilo ya haraka, na hilo unaweza kuwaachia walisimamie wenyewe.

Familia zenye mgonjwa wa kifafa. Kaa nao peke yao, si mkutanoni. Hapa kuna mtego: umezunguka kijiji kizima ukisema ugonjwa unaambukiza, sasa watu watamwogopa mgonjwa zaidi. Wengine tayari wanaamini kwamba mapovu au mate yake yanaambukiza, wanamwacha aungue motoni bila kumgusa. Sema wazi, urudie: kifafa hakiambukizwi kwa kumshika mtu, wala kwa mate, wala kwa mapovu. Mayai hutoka kwa mwenye tegu, na mwenye tegu anaweza kuwa mtu asiyeumwa hata kidogo. Sema pia kwamba si kila kifafa ni cha tegu. Kuna kinachotokana na shida wakati wa kuzaliwa, ajali ya kichwa, malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na kuna ambacho chanzo chake hakipatikani.

Jambo lao la kufanya ni dawa za kila siku bila kuruka wala kuacha ghafla. Kama muda upo, waonyeshe kwa vitendo cha kufanya mtu akianguka: ondoa moto na vitu vya kuumiza, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Ikizidi dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, akimbizwe kituo cha afya. Mlaze kijana mmoja sakafuni, kila mama ajaribu kumgeuza. Hicho ndicho watakachokumbuka.

Waganga wa kienyeji. Familia nyingi zilipita kwao kwanza, na huwezi kuwapita kando. Mwombe mganga kitu kimoja tu: asimwambie mtu aache dawa za hospitali.

Wanafunzi. Choo na mikono. Wape wimbo watunge wenyewe, na usiwaonyeshe picha ya ubongo.

Waumini wa misikiti na makanisa yasiyokula nguruwe. Anza na mikono, maji na choo, nguruwe aje mwishoni au asije kabisa. Wakiuliza "inatuhusu nini?", wape habari ya New York.

Halmashauri. Nusu ukurasa, siyo slaidi 40. Mganga mkuu wa wilaya ataona ni jambo la mifugo, mkuu wa idara ya mifugo ataona ni la vyoo, na wa vyoo atasema bajeti imeisha. Tegu hana mwenyewe ofisini. Kwa hiyo omba kikao kimoja chenye wote watatu, uende na ombi moja lenye gharama yake, kwa mfano ukaguzi wa nyama kwenye machinjio fulani. "Afya Moja", yaani kushughulikia afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja, ni neno wanalolijua tayari, litumie.

Redio na waandishi. Waandikie sentensi unayotaka itangazwe, neno kwa neno, kabla ya kipindi. Usipoandika, kichwa cha habari kitakuwa "Kitimoto chaleta kifafa", na wauza nyama watakutafuta.

Hatua ya 4: Namba zihesabike kwa mkono

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi yenye tegu, ambako watu wanaishi na nguruwe wanaozurura, tegu ndiye chanzo cha takribani asilimia 30 ya kifafa. Itaje hivyo mkutanoni na nusu ya watu watasikia kwamba asilimia 30 ya watu wana kifafa. Wengine watasikia kwamba anayekula nguruwe ana nafasi ya 30 kati ya 100.

Mimi hubeba maharage ya njano mfukoni. Naweka punje kumi mezani: "Hawa ni watu kumi ambao tayari wana kifafa, mahali ambapo tegu amezoea." Natenga tatu: "Hawa watatu, tegu angezuiwa, huenda wasingeugua." Naacha kimya kidogo. Kisha naonyesha zile saba: "Hawa wana sababu nyingine, usiwasingizie nguruwe." Punje zinaeleweka kwa asiyesoma na kwa diwani vilevile. Na wewe unalazimika kusema ni kumi ya akina nani, jambo ambalo asilimia hulificha.

Mbinu hiyo ifanye na magonjwa mengine pia. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati taifa ni 4.4. Ukiwa Njombe na kuitaja namba hiyo peke yake, unatukana mji wa watu. Sema kati ya watu wazima 100, takribani 87 hawana virusi, 13 wanavyo, na anayetumia dawa vizuri mpaka virusi vikawa havigunduliki kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Namba ni ileile, lakini sasa msikilizaji ana pa kushika.

Hatua ya 5: Mwache akurudishie

"Mmeelewa?" ni swali bure. Huku kwetu jibu lake ni "ndiyo", kwa heshima. Badala yake nauliza hivi:

"Mama, ukifika nyumbani baba akikuuliza leo mmefundishwa nini, utamjibuje?"

"Nitamwambia kitimoto tukiivishe sana tusipate kifafa."

"Sawa. Nyama ikiiva, umemzuia nani?"

"Tegu."

"Na kifafa?"

Akafikiri. "Hapo ni mikono?"

"Mikono ya nani?"

"Ya mwenye tegu... Kumbe hata mpishi?"

Alikosea mara ya kwanza kwa sababu mimi nilieleza vibaya, nikaanza na nyama na kumalizia na mikono harakaharaka watu wakiwa wameshachoka. Tangu siku ile naanza na mikono. Jaribu ujumbe wako kwa watu watano hivi kabla ya kuupeleka kwa 500. Watatu wakikosea mahali pamoja, badilisha maneno yako.

Hatua ya 6: Jiandae kwa maswali haya

"Babu yangu alikula nguruwe miaka 80, mbona hakuugua?" Usimbishie babu. Jibu: si kila nguruwe ana vifuko, na anayepata tegu anaweza asisikie chochote. Babu anaweza kuwa alikuwa salama, au alibeba bila kujua.

"Kwa hiyo mnatukataza kitimoto?" Hapana, liwe fupi na la mapema. Ukichelewa hata sekunde mbili, umekataza.

"Ni uchawi au siyo?" Mimi hujibu kwamba sikuja kupima uchawi, nimekuja kuzungumzia mayai yanayoonekana kwa hadubini. Anayeamini yote mawili bado anaweza kunawa mikono.

Ukiulizwa usichokijua, andika swali kwenye daftari mbele ya macho yao, na jina la kitongoji kilichouliza.

Hatua ya 7: Rudi na majibu

Ulichukua damu au choo cha watu kwa utafiti? Wanangoja. Mzee mmoja aliwahi kuniambia mbele ya wajukuu zake: "Mlichukua mavi yetu mkaenda nayo Mbeya. Yakasemaje?" Sikuwa na jibu, maana waliotutuma waliona ripoti ya Kiingereza inatosha.

Majibu ya mtu mmoja mmoja yatolewe faragha, na dawa iwe tayari siku hiyohiyo. Kabla ya kumpa mtu praziquantel, dawa ya kumuua tegu, mtaalamu amuulize kama amewahi kuanguka au ana maumivu ya kichwa ya muda mrefu, kwa sababu dawa hiyo ikifika kwenye vifuko vya ubongoni inaweza kuamsha degedege. Majibu ya kijiji kizima yatolewe mkutanoni, bila kutaja kaya. Chagua siku vizuri: si wakati wa kupanda, na Mbozi si wakati watu wanavuna kahawa.

Mimi nilirudi kwa yule mama Msabato baada ya miezi. Alitaka jambo moja: niseme upya, mkutanoni, pale pale niliposema mara ya kwanza. Nilisimama nikasema kwamba nilikosea kueleza, na kwamba mtoto wa nyumba isiyokula nguruwe anaweza kupata vifuko ubongoni kutokana na kinyesi cha mtu mwingine yeyote kijijini mwenye tegu, hata mimi. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Watu walitazamana, wengine wakatazama chini. Kisha mwenyekiti akamgeukia mtendaji na kumuuliza ni vyoo vingapi katika kitongoji kile havina mlango.